Kulenga Gizani, Sitalike

Mjomba wangu analima mahindi Sitalike, karibu na Mto Katuma. Viboko wakitoka mtoni usiku hawaulizi mpaka wa shamba. Msimu ule alitaka kuomba kifuta jasho, malipo ambayo serikali hutoa wanyama hatari wakiharibu mazao, akaniambia, “Wewe msomi, nipigie picha ya mwizi.”

Nikamfungia kamera ya bodi: kipande cha sakiti chenye lenzi ya milimita 8 inayozungushwa kama kizibo cha chupa. Skrubu ya lenzi hizi ina kipenyo cha milimita 12, na mzunguko mzima huisogeza nusu milimita tu. Kutoka kulenga mbali kabisa hadi kulenga kitu kilicho mita 3 ni nyuzi 15, yaani mwendo wa dakika mbili na nusu kwenye uso wa saa. Nililenga mchana, mjomba akiwa amesimama kwenye njia ya viboko na gazeti mkononi. Kichwa cha habari kikasomeka. Nikaweka tone la gundi.

Asubuhi tulikuta picha za ukungu wenye miguu. Wangeweza kuwa ng'ombe wa jirani.

Nasomea historia, nikakimbilia ninachokijua. Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za simba usiku katika nchi hii, zikatoka mwaka 1905 katika kitabu chake Mit Blitzlicht und Büchse. Alifunga punda au ng'ombe kuwa chambo. Simba akiruka, unga wa magnesi unalipuka. (Wengi humsifu kwa ujasiri. Mimi humfikiria punda.) Naye alilazimika kuamua mapema mnyama atasimama wapi. Mbona zake zinaonekana?

Fundi simu mmoja wa Mpanda mjini hakuhitaji Schillings. “Dogo, ulilenga kwa mwanga gani?”

Wa jua. Lakini usiku kamera yangu iliangaza kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ambao lenzi huupinda kidogo zaidi ya unavyodhani: kidogo kuliko wa mchana, hivyo picha hukusanyika nyuma ya pale nilipoifungia. Magnesi ya Schillings ilitoa mwanga mweupe, ndugu wa ule wa mchana.

Tukabandua gundi. Usiku ule mjomba alisimama tena njiani na gazeti asiloliona, mimi nikizungusha lenzi kwa kucha, macho kwenye simu.

“Fanya haraka, mjomba,” akaninong'oneza. “Wenyewe wanakuja.”