Mgongo wa Nani?

Kwenye simu yangu kuna picha ya Juni 2024. Ndani yake tuko wanne, tumeshikilia mti mmoja wa bendera katikati ya jiji la Nairobi, moshi wa vitoa machozi ukiwa nyuma yetu. Picha hiyo ilisambaa balaa. Kwenye komenti watu wakaanza kutaja majina, na mahali pangu wakamtaja msichana mwingine kabisa, ambaye siku hiyo alikuwa kwao Nakuru. Uso wangu hauonekani, ni mgongo tu. Nilinyamaza. Nilijiambia, si bendera ndiyo muhimu?

Swali hilo lilinirudisha kwenye picha nyingine ya bendera, ambayo bila shaka umewahi kuiona.

Februari 23, 1945, wanajeshi wa Marekani walipandisha bendera juu ya mlima Suribachi, kwenye kisiwa cha Iwo Jima, Japani. Mlingoti wenyewe ulikuwa bomba kuukuu la maji. Hiyo ilikuwa bendera ya pili. Ya kwanza, ndogo zaidi, ilikuwa imepandishwa asubuhi hiyo hiyo. Mpigapicha Joe Rosenthal wa shirika la Associated Press aliwahi tu kubofya kamera. Siku mbili baadaye, picha ilikuwa kwenye kurasa za kwanza kote Marekani. Watu sita, na karibu wote huoni nyuso zao.

Na hapo ndipo penye siri yake. Mgongo usio na uso unaweza kuwa wa mtoto wa yeyote. Kila mzazi aliyekuwa na kijana vitani angeweza kuiangalia na kusema, huyu ni wangu.

Serikali ililiona hilo haraka. Vita vilikuwa vimekula pesa, wananchi wamechoka, na Ujerumani ilisalimu amri mwezi Mei. Kulikuwa na hofu kwamba watu wangesema yameisha, ilhali Japani bado inapigana. Basi picha ikawekwa kwenye mabango ya kampeni ya saba ya bondi za vita, yaani raia anaikopesha serikali pesa, kisha analipwa baadaye na riba. Lengo lilikuwa dola bilioni 14. Zilipatikana zaidi ya bilioni 26.

Wale sita je? Watatu waliuawa kisiwani humo kabla vita vya Iwo Jima kwisha. Watatu waliotajwa kuwa manusura, Ira Hayes, Rene Gagnon na John Bradley, wakarudishwa nyumbani na kuzungushwa mji baada ya mji, wapigiwe makofi ili watu wanunue bondi.

Hayes, kijana wa jamii ya Wapima huko Arizona, hakutaka kuitwa shujaa. Tena alijua orodha ina kosa. Mmoja wa marehemu alikuwa Harlon Block, lakini jina lililotangazwa lilikuwa la mtu mwingine. Hayes alipomwambia ofisa, aliagizwa anyamaze; majina yalishatoka. Kule Texas, mamake Block alikuwa ameiona picha gazetini na kushikilia kwamba ule mgongo ni wa mwanawe. Nani angemsikiza?

Mwaka 1946 Hayes alifunga safari hadi Texas, akaiambia familia ukweli. Jeshi lilirekebisha jina mwaka uliofuata. Pombe ilikuwa inammaliza Hayes pole pole, na akafariki Januari 1955 akiwa na miaka 32.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 2016 jeshi lilikiri kwamba Bradley hayumo kwenye picha. Aliyemo ni Harold Schultz. Mwaka 2019 likakiri kwamba Gagnon pia hayumo. Ni Harold Keller. Kwa hivyo kati ya wale watatu waliopigiwa makofi, ni Hayes peke yake aliyekuwemo kwenye picha. Schultz na Keller walishakufa, bila kuudai umaarufu huo.

Nilipofika hapo nikaweka simu chini. Sisi hatukuwa vitani, na sijilinganishi na mtu aliyetoka Iwo Jima. Lakini ishara inafanya kazi vile vile: inakusanya watu wengi kwa sababu haiulizi jina la mtu. Bondi zilinunuliwa, orodha ikiwa na makosa hivyo hivyo. Bili ya kosa ililetwa kwa mama mmoja Texas.

Ya kwetu ililetwa kwa yule msichana wa Nakuru. Baada ya kutajwa, alilala kwa shangazi yake wiki mbili, akiogopa kugongewa mlango. Nilijua. Niliogopa mlango wangu pia ungegongwa, nikamwacha abebe mgongo wangu.

Jana nilimpigia. Nilimwambia, "Ile picha, yule ni mimi."

Alikaa kimya kidogo, halafu akauliza, "Sasa ndio unaniambia?"

Sikuwa na jibu.