Bakteria naye ana ukoo

Bakteria wa hospitalini hana kitambulisho, lakini ukoo anao. Ukisomwa vizuri, siri za wodi zinatoka nje.

Turudi nyuma kidogo. Juni 2011 mgonjwa mmoja alihamishwa kutoka New York kwenda hospitali ya utafiti ya serikali ya Marekani, NIH, huko Bethesda, Maryland. Alikuwa na Klebsiella pneumoniae, tena yule sugu kwa karibu dawa zote. Wakamtenga. Julai akaruhusiwa, watu wakashusha pumzi. Wiki tatu baadaye mgonjwa wa pili akakutwa na Klebsiella. Wakafuata wengine.

Swali: ni bakteria yule yule, au kuna mwingine kaingia na mgonjwa mwingine? Vipimo vilivyozoeleka vilionyesha kufanana tu. Watafiti wakasoma vinasaba vyake vyote, herufi kama milioni 6, wakalinganisha zile chache zilizobadilika kutoka mgonjwa hadi mgonjwa. Jibu likaja: ukoo mmoja, na babu yao ni yule wa Juni. Kumbe walikuwepo wagonjwa waliombeba bila dalili yoyote. Alikutwa hata kwenye sinki, na kwenye mashine ya kupumulia iliyokwisha kusafishwa!

Wagonjwa 18 walimpata. Kati yao 11 walikufa, 6 wakiuawa na maambukizi hayo.

Umma ulikuja kujua Agosti 2012, utafiti ulipochapishwa. Mwaka mzima, ndugu msomaji! Kumtambua bakteria ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuwaambia watu.