Alama ya mahindi katika damu

Mwaka 2004, hospitali za Makueni na Kitui nchini Kenya zilianza kupokea wagonjwa wenye macho ya manjano, ini lao likizorota kwa kasi. Vipimo vya virusi vya ini havikuonyesha kitu. Kufikia Julai 20 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Wengi walitoka katika wilaya hizo mbili.

Ukambani, eneo la wilaya hizo, ulikuwa umeshaonja msiba huo. Mwaka 1981, Makueni ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, watu 20 waliugua vivyo hivyo na 12 wakafa. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyoota kuvu, na mwaka 2004 wachunguzi waligeukia tena magunia ya mahindi. Mvua ilikuwa imenyesha nje ya msimu, na familia nyingi, zikiwa na chakula kidogo, ziliweka ndani ya nyumba mahindi ambayo hayajakauka. Baadhi ya sampuli zilikutwa na sumu ya aflatoksini hadi sehemu 4,400 katika bilioni, ilhali kikomo cha Kenya wakati huo kilikuwa 20. Katika sampuli 350 zilizokusanywa masokoni, zaidi ya nusu zilivuka kikomo hicho. Kwa hiyo hata aliyenunua debe sokoni hakuwa salama.

Sumu yenyewe ilikuwa imejulikana tangu miaka ya 1960, baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga. Kuvu iliyohusika, Aspergillus flavus, ilitambuliwa kwenye karanga kutoka Uganda. Zilipomulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, baadhi ya sumu ziling'aa buluu zikaitwa B, nyingine kijani zikaitwa G. Hatari kuliko zote ni B1.

Lakini gunia halisemi nani amekula nini. Mahindi ya mgonjwa huenda yameshaisha, au familia imeyatupa kwa hofu. Hapo ndipo ushahidi ulipohamia mwilini. B1 ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa molekuli kali inayonasa popote: hushika chembe za urithi, na hushika albumini, protini ya damu. Kilichotoka na mkojo hueleza mlo wa siku chache zilizopita, ila albumini hukaa kwenye damu kwa wiki kadhaa na kubeba alama ya kila mlo.

Wachunguzi wa Kenya na wa CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, walilinganisha wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua kutoka maeneo hayo hayo. Mahindi ya nyumba za wagonjwa yalikuwa na wastani wa sehemu 354 katika bilioni, ya wenzao 44. Damu ilisema hivyo hivyo: alama ya B1 kwenye albumini ya wagonjwa ilikuwa mara nane ya ile ya wazima. Gunia na damu vilikubaliana, na shaka ikaisha. Linalouma zaidi ni kwamba wazima nao walikutwa na alama hiyo.

Sampuli za mlipuko ule zilitumika tena, maabara za Uingereza na Marekani zikapima damu ile ile kwa njia tatu: kingamwili, mng'ao, na spektrometa ya masi, mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake. Matokeo yalichapishwa 2008. Njia zote tatu ziliafikiana kuhusu nani amebeba nyingi na nani kidogo, ingawa kingamwili zilitoa namba kubwa zaidi.

Uzito peke yake, hata hivyo, una mpaka wake. Sumu ya G1 hutengenezwa na kuvu; M1 na Q1 hutengenezwa na mwili baada ya kula B1, na M1 hupita hadi kwenye maziwa ya ng'ombe na ya mama anayenyonyesha. Zote tatu zina kaboni 17, hidrojeni 12 na oksijeni 7. Kwenye mizani ni kitu kimoja, ilhali maana zake ni mbali kabisa: moja ilikuwa kwenye chakula, nyingine ni kazi ya ini. Maabara huzitenganisha kwa kuzipitisha kwanza kwenye safu ya kromatografia, au kwa kuzivunja na kutazama vipande.

Njia mpya zaidi huongeza kipimo cha umbo. Molekuli hupewa chaji na kusukumwa kwa umeme ndani ya bomba lenye gesi. Ni kama watu wawili wa uzito mmoja wanaopenya soko lililofurika, mmoja amekumbatia mzigo kifuani, mwingine amebeba kuni kwa upana: wa pili atagonga wengi na kuchelewa. Muda wa kupita humpa mtaalamu namba ya ukubwa wa umbo, ambayo haitegemei sana uchafu wa damu au mkojo uliochunguzwa. Mwaka 2018 watafiti wa Parma, Italia, walichapisha orodha ya namba hizo kwa sumu za kuvu.

Mashine hizo ni ghali, na damu ya 2004 ilibidi ivuke bahari. Kwa mkulima wa Wote au Mwingi, miji ya Ukambani, kipimo kinachotangulia ni cha unyevu, kabla mahindi hayajaingia guniani: yakishuka hadi asilimia 13 hivi, kuvu hukosa maji ya kukulia. Mwaka 1981 hilo lilijulikana tayari.