Kwa nini mzee hataki kutupa kitu? Utoto wa kukimbia na tabia ya kurundika

Kalemie, nyumba nyingi ziko na kona ya akiba: bidoni bila kifuniko, sufuria iliyotoboka, magunia, vipande vya mabati. Huo si ugonjwa. Akiba haiozi, na kesho fundi anaweza kuiziba ile sufuria. Lakini kuna watu ambao vitu vimewazidi: kitanda kimejaa, jikoni hapaingiliki, na mtoto akitupa hata mfuko mtupu, mzee anatetemeka ao analia. Majirani wanaanza kunong'ona kwamba ni mulozi.

Ni ugonjwa?

Ndiyo. Wataalamu wa Marekani waliuandika kama ugonjwa wa pekee mwaka 2013, na orodha mpya ya Shirika la Afya Duniani (OMS), iliyoanza kutumika 2022, nayo inautaja. Alama ni tatu: kutupa kitu kunaumiza sana hata kama hakina bei, vitu vinafunga mahali pa kulala na kupika, maisha ya mtu yanaharibika. Mara nyingi unaanza polepole katika ujana, unaonekana wazi uzeeni.

Utoto unaingia wapi?

Mwenye miaka 70 leo alikuwa mtoto 1964, waasi walipouteka mji huu, ulioitwa bado Albertville. Mwenye 35 alikuwa mtoto vita vya 1998 vilipoanza. Halafu ugomvi wa Watwa na Waluba, uliowaka sana kuanzia 2016, ukajaza kambi za waliohama kandokando ya mji. Mtoto aliyekimbia usiku mikono mitupu, ao aliyetolewa kwa shangazi kupelekwa kwa mjomba, anajifunza kwamba watu na nyumba vinapotea. Kitu anachokishika mkononi, walau hicho ni chake.

Uchunguzi unaonyesha kwamba wengi wanaorundika wamepitia matukio mabaya. Umaskini peke yake haukuonekana kuwa sababu. Kupotelewa na kukosa wa kutegemea kuna uzito zaidi. Tena ugonjwa huu unatembea katika familia. Kwa hiyo si kila aliyekimbia vita atarundika, na si kila anayerundika alikimbia.

Familia ifanye nini?

Usitupe kwa kificho mzee akiwa kanisani ao sokoni. Kwake ni kuporwa mara ya pili, na atakusanya zaidi. Anzeni na hatari: njia ya mlango, makaratasi karibu na mbabula, bidoni za maji ya mvua zinazozaa mbu. Muulize kila kitu kilitoka wapi, sikiliza, kisha achague mwenyewe, kimoja kimoja.

Hali ikizidi, mpelekeni kwenye kituo cha afya. Mazungumzo ya hatua kwa hatua na mtaalamu yanasaidia. Na mtoto aliyehama mnayeishi naye leo, mpeni sanduku lake dogo ambalo hakuna anayeligusa bila ruhusa yake.