Walivuka Ruvuma na Tezo Zao

Mgeni akiuliza kitu cha asili cha Tanzania, mara nyingi huwekewa mbele kinyago cha ujamaa. Ni gogo moja la mpingo, watu wamepandana mabegani, huyu kashika kifundo cha aliye juu yake, yule kabeba mtoto, mwingine chungu, mpaka kileleni anapokaa mzee mmoja peke yake. Hakuna gundi wala msumari. Wote wamechongwa katika mti ule ule. Muuzaji atakuambia ni sanaa ya mababu. Hao mababu ni wa juzi tu. Mtindo huu husemwa ulianzishwa na Yakobo Sangwani, Mmakonde aliyehamia Tanganyika akitokea Msumbiji katika miaka ya 1950, na mwanzoni haukuitwa ujamaa. Aliuita dimongo, yaani nguvu, na aliyekuwa juu ni mshindi wa mieleka aliyebebwa na wenzake.

Sangwani alikuwa mmoja tu kati ya maelfu. Uwanda wa Mueda, nyumbani kwa Wamakonde kusini mwa mto Ruvuma, ulikuwa miongoni mwa sehemu za mwisho za Msumbiji kutiwa mkononi na Wareno, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya hapo ikaja kodi, ikaja kazi ya shuruti iliyoitwa chibalo, kisha pamba ya lazima, ambayo mkulima aliilima kwa kupunguza chakula chake na kuiuza kwa bei aliyopangiwa. Ng'ambo ya mto alitawala Mwingereza. Naye hakuwa malaika, lakini mashamba ya mkonge ya Lindi, Mikindani na Tanga yalitoa ujira. Watu wakavuka. Wenyeji wakawaita Wamawia, jina lililotamkwa kwa dharau, na chale za usoni pamoja na ndonya, pambo la mdomo wa juu wa wanawake, zikawafanya watambulike kabla hawajafungua kinywa.

Kwao walikuwa wakichonga, ila si kwa ajili ya soko. Kazi iliyoheshimiwa zaidi ilikuwa mapiko, barakoa za mti mwepesi zilizovaliwa katika ngoma za jando na unyago. Mti mgumu ulishika nafasi pale mnunuzi alipotokea. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Tezo hutoa gamba na ule mti mweupe wa nje, patasi hutafuta umbo, kisha huja tupa na msasa, na kung'arisha ndiko kunakochosha mkono. (Ukiona kinyago kinakuachia weusi kiganjani, huenda hicho ni mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu.)

Dar es Salaam, mfanyabiashara Mohamed Peera alianza kununua vinyago hivi katika miaka ya 1950 na kuwatia moyo wachongaji wathubutu zaidi. Ndipo mchongaji Samaki Likankoa alipomletea kiumbe cha ajabu, mwili umepinda, viungo haviko mahali pake. Hapo ndipo mtindo wa shetani unapohesabiwa kuanza. Wapo wanaosema mashetani hao ni biashara tupu, wamebuniwa kumfurahisha Mzungu. Sikubaliani nao kabisa. Mnunuzi alifungua mlango, lakini hakuwa yeye aliyejua mizimu ya porini inatembeaje, wala hakuwa amelala katika kambi za mkonge, mbali na makaburi ya wazee wake. Mtu aliyeng'olewa kwao ana sababu zake za kuchonga mwili usiotulia.

Kisha huko Msumbiji mambo yakawa mabaya zaidi. Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika Mueda kumsikiliza gavana Mreno. Kati ya wasemaji wao walikuwamo Faustino Vanombe na Kibiriti Diwane, waliotokea Tanganyika. Askari wakafyatua risasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Kilichofuata hakina ubishi. Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, vita dhidi ya Wareno vikaanza Septemba 1964, na familia nzima nzima zikavuka Ruvuma hadi kwenye makazi ya wakimbizi kama Rutamba, Lindi, na Muhukuru, Songea. Safari hii hawakufuata ujira.

Wachongaji walikuwamo. Baadhi walichonga mambo waliyoyakimbia: mtu aliyefungwa, askari mwenye kiboko. Lakini watalii walipenda zaidi mashetani, na tumbo lina amri yake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ule mnara wa miili ukapata jina jipya la ujamaa na kugeuka nembo ya siasa ya taifa, taifa ambalo wengi wa waliouchonga hawakuzaliwa ndani yake.

Mashetani wenyewe walihama tena, safari hii kwenda kwenye rangi. George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1934, alianza kama mlinzi katika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam. Akawachora wakicheka, masikio makubwa, rangi za kuwaka, na picha hizo zikafika Ulaya na Marekani kabla ya kifo chake mwaka 2005.

Wamakonde waliokwenda Kenya walichelewa kupata haki zao. Walifika Pwani kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge, wakazaa, wakapata wajukuu, bila uraia. Asiye na kitambulisho hafungui akaunti wala hasajili kiwanja, lakini mnunuzi wa kinyago haulizi cheti cha kuzaliwa cha aliyekichonga, hivyo uchongaji ukawa mojawapo ya kazi chache zilizowabakia. Oktoba 2016 waliondoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Mapema mwaka 2017 vikaanza kutolewa, na Wamakonde wakahesabiwa kabila la 43 la Kenya.