Shaba, Chuma na Maji ya Chumvi: Manowari za Uingereza, 1761–1825

Manowari za mbao za Uingereza zilizokaa muda mrefu katika bahari za joto zilishambuliwa na teredo, kiumbe aliye jamaa ya chaza ingawa umbo lake ni la mnyoo, ambaye hutoboa mbao hadi zikabaki kama sega la nyuki. Mabaharia wa mwambao wa Afrika Mashariki walimkabili adui wa aina hiyo kwa kupaka vyombo vyao shahamu, yaani mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Waingereza wao, mwaka 1761, walifunika tumbo la manowari iitwayo Alarm kwa mabamba membamba ya shaba na kuipeleka katika visiwa vya Karibi. Ilipokaguliwa mwaka 1763 mbao zilikuwa salama, lakini misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imelika vibaya, ilhali pale ambapo karatasi ya kufungia mabamba ilisalia katikati ya metali hizo mbili chuma kilikuwa bado kizima.

Kwa maarifa ya sasa, jambo hilo linaelezwa na mfululizo wa kielektrokemia, yaani mpangilio wa metali kulingana na wepesi wake wa kuachia elektroni, ambazo ni chembe zenye chaji hasi zilizomo katika kila atomu. Potasiamu na sodiamu ziko juu kabisa, magnesiamu, zinki na chuma zinafuata, kisha bati, risasi, shaba na fedha, na dhahabu iko chini. Metali mbili zikigusana ndani ya maji ya chumvi, ile ya juu huachia elektroni na kuyeyuka, na elektroni hizo huingia katika ile ya chini na kuilinda. Hivyo chuma cha Alarm kilikuwa kikiliwa kwa faida ya shaba. Hakuna aliyeweza kusema hivyo mwaka 1763, lakini wakaguzi waliona sawasawa kwamba kosa lilikuwa katika mgusano, na uangalifu huo unastahili heshima kubwa kuliko inayopewa kwa kawaida.

Hata hivyo, vita vya Marekani vilipopamba moto, Charles Middleton, msimamizi wa ujenzi na ukarabati wa meli, alisukuma mbele kazi ya kufunika manowari zote kwa shaba kuanzia mwaka 1779, na bolti za chuma zikaendelea kuoza hadi zilipobadilishwa kwa bolti za aloi ya shaba katika miaka iliyofuata.

Shaba yenyewe nayo ilikuwa ikilika taratibu baharini, hasara iliyoisumbua serikali. Alessandro Volta alikuwa ametangaza betri yake mwaka 1800, na Humphry Davy akaitumia betri ya namna hiyo mwaka 1807 kutenga potasiamu na sodiamu, kwa hiyo alipoulizwa kuhusu mabamba hayo alijua pa kuanzia. Mwaka 1824 alieleza kwamba kipande kidogo cha zinki au chuma kikiunganishwa na shaba kitaliwa badala yake, na majaribio yalithibitisha neno lake kikamilifu. Lakini meli zilizofungwa vilinzi hivyo, Samarang ikiwa mojawapo, ziliota mwani na viumbe vyenye gamba vinavyopunguza mwendo, kwa sababu ni ile shaba iliyokuwa ikiyeyuka kidogo kidogo iliyovitia sumu, na shaba isiyoyeyuka haikuwa na sumu ya kutoa. Mwaka 1825 vilinzi viliamriwa kuondolewa. Kanuni ya Davy haikuwa na dosari. Kilichokosewa ni kudhani kwamba kulika kwa shaba kulikuwa hasara tupu.

Meli za chuma na chuma cha pua zilipochukua nafasi ya mbao, kazi ya kuzuia mwani ilihamia kwenye rangi zenye sumu, na vilinzi vikapata mahali pake panapofaa: vipande vya zinki hufungwa karibu na usukani na rafadha, na hubadilishwa meli inapopandishwa chelezoni vikiwa vimelika.