Kutoka kwa Syokimau hadi Jasusi 009

Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Wanakijiji walishtuka, na haki yao. Ila Ukambani si mgeni wa mambo ya namna hii.

Wazee husimulia kwamba nabii Syokimau aliona nyoka mrefu akitambaa toka maji makuu hadi maji mengine, na wageni waliobeba moto mifukoni. Reli ikaja kutoka Mombasa, ikapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, ikafika Nairobi 1899. Viberiti navyo vikaja.

Kitui nako, mwishoni mwa 1849, mmishonari Ludwig Krapf, mgeni wa chifu Kivoi, aliuona Mlima Kenya na theluji yake. Mabingwa wa jiografia huko London walimbeza: theluji kwenye ikweta? Mwaka 1863 Jules Verne, ambaye hakuwahi kukanyaga pwani yetu, akatoa hadithi ya puto linaloondoka Zanzibar na kuvuka Afrika. Hiyo Ulaya iliimeza bila kutafuna.

Shuleni tulimsoma Verne, na H. G. Wells pia, katika matoleo yaliyofupishwa. Lakini kitabu tulichogombania kilikuwa cha Mkamba mwenzetu. David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, miaka ya sabini alikuwa amepata jina na lawama kwa vitabu vya mapenzi na ulevi alivyovichapisha mwenyewe kupitia Comb Books. Tanzania ilivipiga marufuku. Mwaka 1980 Macmillan ikamtolea The Equatorial Assignment katika mfululizo wa Pacesetters. Humo jasusi Benni Kamba, nambari 009, anapambana na Dr Thunder na njama za kuzitawala nchi za Afrika kupitia vibaraka. Ni kweli James Bond anachungulia kila ukurasa. Sisi hatukujali: Bond hakuitwa Kamba.

Kwa Kiswahili tulisubiri safari ya angani hadi 1995, Katama Mkangi wa Pwani, katika riwaya yake Walenisi, alipomtia Dzombo, mfungwa aliyehukumiwa kifo, ndani ya chombo cha angani na kumrusha hadi Walenisi. Kwangu, kitabu hicho kinamzidi Maillu kwa mbali. Huwaazima vijana wa Wote na Mwingi wanaouliza waanzie wapi kusoma hadithi za namna hii. Hukirudisha upesi, wakaomba cha 009.